Nati Iliyolambwa na Mbwa

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sikusema zamani za mababu, nasema zamani za juzi, wakati mahindi mnayokula leo yalikuwa bado mbegu, palikuwa na kijiji kiitwacho Idunduma. Kiko juu kabisa kwenye milima ya Njombe, mahali ambapo mwezi wa sita umande huganda kwenye majani, na mtu akikusalimu "Kamwene" mvuke unamtoka mdomoni kama anavuta tumbaku.

Watu wa Idunduma walifuga ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi walikamua, wakamimina kwenye makopo makubwa ya kikundi, makopo yakapakiwa kwenye tela, tela likavutwa na kwadi mpaka kituo cha Lusisi. Hapo Lusisi lori la tangi lilifika saa tatu, likanyonya maziwa, likaondoka. Halikumngoja mtu.

Kwadi ni nini? Kwa asiyeijua: ni pikipiki yenye magurudumu manne. Pembe za kushikia ni za pikipiki, miguu ni ya gari, na tabia ni za punda. Haikununuliwa. Iliachwa na watafiti wa miti, waliohesabu miti yao wakaichoka wakaenda zao.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja ya ukungu kwadi ikagonga kisiki. Toka siku hiyo usukani ukapata wazimu. Ukikata kulia, kwanza inafikiri. Ukikata kushoto, gurudumu moja linakubali, la pili linakataa, kama mume na mke wanaokwenda harusini wamenuniana.

Akaitwa fundi wa mjini. Akaja, akainama, akainuka, akajipangusa magoti. "Iletwe mjini," akasema, "vipuri viagizwe. Miezi miwili."

Miezi miwili! Maziwa gani yanayosubiri miezi miwili? Maziwa hayasubiri hata mchana. Watu wakabeba makopo kwa baiskeli na kwa vichwa. Wakachelewa. Maziwa yakaganda, nguruwe wakanenepa. Dereva wa lori akawaambia watu wa kituo, "Waambieni wale wa juu: nawapa siku saba. Siku ya saba nikiondoka na tangi tupu, lori hili halipandi Lusisi tena."

Mwenyekiti wa kikundi, Mama Odilia Nyagawa, mwanamke ambaye sauti yake hufika kabla yake, akaitisha mkutano. Akasema, "Fundi hatuna. Mikono tunayo. Kikundi kina mtamba mmoja, Pongezi, na mnajua ana mimba kubwa. Mtu atakayeufanya usukani huu umtii dereva, maziwa yakaingia kwenye lori siku ya saba, Pongezi ni wake. Na kilicho tumboni mwa Pongezi ni chake. Hakigawanywi, hakiuzwi, hakikopwi. Nimemaliza."

Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza: wakiwa watatu je? Mtu akisikia ng'ombe, masikio yake huziba.

Wakainuka watatu.

Wa kwanza alikuwa Agapito Mligo, seremala. Milango yake haigongi fremu, na hilo hulisema hata msibani. Alimtaka Pongezi kwa sababu mwanawe anaoa, na wakwe walishasema: bila mtamba, bibi harusi habandui mguu.

Wa pili alikuwa Veneranda Kilumile, Mama Tumsifu, mjane. Hakuna cherehani, baiskeli wala mashine ya kusaga ambayo hajaifungua ili aone ndani kuna nini, na zote alizirudishia. Ng'ombe wake pekee alitumbukia korongoni mwaka juzi. Na kikundi kina sheria: asiyeleta maziwa misimu mitatu, jina lake linafutwa. Huu ulikuwa msimu wake wa tatu. Kufutwa maana yake nini? Hakuna dawa ya kupe, hakuna mbegu ya dume bora, hakuna kiti mkutanoni. Unabaki kutazama makopo ya wenzako yanapita.

Wa tatu alikuwa dereva mwenyewe, Lutengano Sanga, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye koti la mvua la kijani asilolivua hata jua likiwaka. Miaka minne anabeba maziwa ya watu. Nyumbani kwake chai ni ya rangi.

Mimi huruma ninayo, lakini huruma si spana. Tuwatazame kazini.

Siku ya sita asubuhi wakaipandisha kwadi pua juu ya magogo mawili, magurudumu ya mbele yakaning'inia. Agapito akalishika gurudumu la kulia kwa mikono miwili, akalitikisa.

"Linacheza," akasema.

"Linachezea wapi?" Veneranda akauliza.

"Linacheza tu."

"Shemeji, hata mbuzi anaona linacheza. Nauliza linachezea wapi." Maana marehemu mume wake na Agapito walikuwa watoto wa ndugu, na ushemeji ni leseni ya kutukanana.

Wakatafuta. Wakakuta magonjwa matatu. Ugonjwa wa kwanza: lile shina la usukani, fimbo inayoshuka kutoka kwenye pembe, linashikwa na kipete kiitwacho bushi, na bushi ilikuwa imelika kama jino la bibi. Ugonjwa wa pili: kutoka kwenye shina hutoka fimbo mbili za chuma, tairodi, moja inasukuma gurudumu la kulia, moja la kushoto. Ile ya kulia ilikuwa imepinda, vifundo vya ncha zake vimekauka, vifuniko vyake vya mpira vimechanika. Ugonjwa wa tatu: magurudumu hayatazami upande mmoja. La kushoto linatazama Lusisi, la kulia linatazama makaburini.

Kila mmoja akachukua ugonjwa wake.

Agapito akachukua bushi. Akatafuta kipande cha mzeituni mwitu, mti mgumu kuliko moyo wa mdai. Akachonga, akapima, akachonga, akapima. Veneranda akamwambia, "Shemeji, kichemshe kwanza kwenye mafuta. Mti mkavu hunywa ukungu, ukinywa unavimba."

"Mama Tumsifu, mimi na mti tulijuana kabla wewe hujaolewa. Mti wangu hauogeshwi."

Akakitia mahali pake. Kikaingia kimya kama ulimi mdomoni. Shina likashikwa, halitikisiki, na pembe zinageuka laini.

Alifanya vizuri? Alifanya vizuri. Alikosea? Alikosea. Twende.

Veneranda akachukua tairodi. Agapito tayari alikuwa ameinua nyundo aitwange bolti ya kifundo kichwani itoke. Veneranda akamkamata mkono. "Ukiipiga kichwani unaua uzi, nati haitaingia tena maisha. Haipigwi bolti, unapigwa mkono wa chuma unaoishika." Akashika nyundo mbili, akaupiga ule mkono wa chuma ubavuni, huku na huku kwa pamoja, mara moja, mara mbili. Ya tatu, bolti ikaruka yenyewe.

"Mchawi," Agapito akasema.

"Hodi nyingi hazifungui mlango, shemeji. Wewe wa milango hulijui hilo?"

Akainyoosha tairodi kwenye panda ya mti, kidogo kidogo. Akaibingirisha juu ya meza. Palipoonekana mwanga chini yake, akagonga. Akabingirisha tena, mpaka mwanga ukakosa pa kupita. Kisha ikafika zamu ya grisi. Grisi ilikuwa mjini. Samli ilikuwa jikoni. Akaleta bakuli zima.

Lutengano akashangaa. "Mama Tumsifu, hiyo si ya ugali?"

"Ugali utavumilia."

"Samli ya Idunduma asubuhi inakuwa jiwe," Agapito akasema.

"Na maneno yako yanakuwa maji. Nipishe."

Akavijaza vifundo samli, akazipaka nati samli, hata spana ikanuka karamu. Vifuniko vilivyochanika akavishona upya kwa tyubu kuukuu ya baiskeli na uzi wa viatu, na kwa hasira ya kuongeleshwa akakaza mno, kifuniko cha nje akakishona mpaka kikaukumbatia na ule mkono wa chuma. Kifuniko cha namna hiyo hakitakiwi kubana vile. Kinatakiwa kiache kifundo kicheze.

Alifanya vizuri? Alifanya vizuri. Alikosea? Alikosea. Twende.

Lutengano akachukua magurudumu. Akavuta kamba ya seremala kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, upande huu, kisha upande ule. Akazungusha tairodi nusu mzunguko, akapima. Robo mzunguko, akapima. Mpaka magurudumu yote mawili yakatazama mbele kama watoto wanaopigwa picha. Akafunga nati mbili za ile tairodi, moja ndani, moja nje.

Sasa hapa tegeni masikio. Nati hizi zina meno juu, kama taji. Kwenye bolti kuna tundu. Unakaza nati, unapitisha pini katikati ya meno na tunduni, unaikunja miguu, na nati haiwezi kujifungua hata uiombe. Nati ya usukani bila pini ni ahadi ya mlevi. Veneranda alikuwa ametengeneza pini mbili kwa spoku ya baiskeli, kazipitisha motoni, kazikunja vizuri, kamkabidhi Lutengano mkononi. "Mbili," akasema. "Hesabu."

"Mbili, mama."

Akatia ya ndani. Akaikunja. Wakati huohuo Mama Odilia akafika na sinia la nyama choma kuwapongeza mafundi. Kazi ikasimama. Lutengano akala. Uzi wa nyama ukamnasa kwenye jino. Akautoa kwa pini. Akacheka, akasimulia jambo, akaitia pini mfukoni mwa koti la kijani, akakaza nati ya nje kwa nguvu zake zote na kusema, "Hiyo haitoki leo wala kesho."

Alifanya vizuri? Alifanya vizuri. Alikosea? Jamani! Hapa mimi hushikwa na hasira kila nikisimulia. Kijiti cha meno! Twende.

Siku ya saba pakakucha na baridi ya kukata masikio. Nyasi zote nyeupe. Makopo kumi na mawili yakapakiwa. Lutengano akawasha, akashika pembe, akakata kulia. Pembe hazikwenda. Akakata kwa mabega. Zikaenda kidogo, zikilalamika.

Veneranda akaruka. "Si nilisema? Mti umekunywa ukungu! Umevimba!"

"Mti gani?" Agapito akafoka. "Ni samli yako imeganda! Mwanamke gani anapaka usukani kitoweo?"

"Ni mti wako!"

"Ni samli yako!"

"Mti!"

"Samli!"

Yakumbukeni maneno hayo, na nani aliyasema. Mtayahitaji.

Mama Odilia akasema, "Dereva, nenda." Lutengano akaenda. Lakini kwa usukani ule mgumu hakuweza kukimbia, akaenda mwendo wa bibi harusi. Na hakwenda peke yake. Mbwa wa Idunduma walikuwa wameamka na harufu ya samli puani. Wakatoka uani, wakatoka majikoni, saba kwa hesabu, wakaifuata kwadi pua chini, ndimi nje. Mbele yao alikuwa Watasema, mbwa mwekundu wa Mzee Kastory Msigwa, ambaye alimpa jina hilo ili majirani walisikie kila anapomwita.

"Nendeni zenu!" Lutengano akapiga kelele. Hawakwenda. Kwadi ikipunguza mwendo kwenye kona, Watasema anafika kwenye gurudumu, analamba mara moja, anarudi nyuma. Ikipunguza tena, analamba mwingine. Watu mashambani wakasimama na majembe mikononi. "Lutengano, unapeleka maziwa au unapeleka mbwa?" "Napeleka wajomba zako!" akawajibu, akapita.

Sasa, kabla ya Lusisi pana mteremko mrefu, na chini ya mteremko pana daraja la magogo matatu, halina ukingo, na chini ya daraja pana maji na mawe. Hapo ndipo usukani hutakiwa kutii. Lutengano alipofika juu ya mteremko akageuka kutazama mbwa.

Hapakuwa na mbwa.

Akafurahi. Akasema, "Afadhali." Akaanza kushuka. Akashuka hatua kumi. Kisha akawaza: mbwa saba hawaiachi samli bila sababu. Hawajashiba. Hawajachoka, kwa mwendo huu hata kobe hachoki. Basi wamepata nini kizuri kuliko hiki?

Akafunga breki. Akatega mawe kwenye magurudumu. Saa ilikuwa inakwenda, lori lilikuwa linapanda Lusisi, na yeye akarudi nyuma kwa miguu kuangalia mbwa! Hatua mia mbili akawakuta wamekaa duara, wananguruma. Katikati amelala Watasema, na katikati ya miguu ya Watasema kuna kitu, anakilamba kwa upendo. Lutengano akainama. Ilikuwa nati. Nati yenye meno kama taji, imelambwa mpaka inang'aa kama pete ya askofu.

Akanyoosha mkono aichukue.

"Watasema," akamwambia kwa adabu, "ndugu yangu, nipe." Watasema akaonyesha meno. Lutengano akatoa kiporo cha nyama alichofungiwa kwa safari, akakitupa kando. Mbwa saba wakaenda na kiporo, yeye akaenda na nati, mbio.

Akalala chini ya kwadi. Bolti ya kulia, ya nje, ilikuwa wazi, haina nati. Kitu gani kilikuwa kinaishikilia isichomoke? Kile kifuniko cha tyubu cha Veneranda, kile kilichoshonwa vibaya, kile kilichobana mno. Uzi wa viatu ulikuwa umebaki nyuzi tatu.

Akarudisha nati. Akatia mkono mfukoni atafute cha kuizuia. Vidole vyake vikagusa pini. Imekunjwa vizuri, safi, na uzi mdogo wa nyama bado umeng'ang'ania.

Akaitia, akaikunja, akavuka daraja, akafika Lusisi lori likiwa limeshawasha injini. Dereva wa lori akatazama saa, akatazama makopo kumi na mawili, akatazama mtu mwenye koti la kijani lililojaa matope na samli. "Mmebahatika," akasema, akazima injini.

Idunduma wakapona. Vigelegele, ngoma, pombe ya ulanzi. Kesho yake mkutano. Pongezi amefungwa kwenye nguzo mbele ya wote, anacheua, hana habari. Lutengano alikuwa ameshawasimulia habari za mbwa, za nati na za uzi, lakini habari za pini hakuwa amezigusa.

Mama Odilia akasema, "Anayedai aseme."

Agapito akasimama. "Ndugu zangu, tuseme ukweli. Usukani ulikuwa mgumu. Kwa nini? Kwa sababu ya mti wangu. Mti wangu ulivimba! Ungekuwa laini, huyu bwana angekimbia kama anavyokimbia siku zote. Angekimbia, mbwa wangeachwa nyuma toka nyumbani. Wangeachwa toka nyumbani, angejuaje kuwa wamesimama? Angekuwa mtoni na maziwa yetu. Kilichomwokoa ni mti. Pongezi ni wangu."

Veneranda akasimama. "Shemeji, jana ulisema ni samli."

"Jana ilikuwa jana."

"Basi leo mimi nakubaliana na wewe wa jana. Ni samli! Samli yangu iliganda ndiyo usukani ukawa mgumu. Samli yangu ndiyo iliyowaita mbwa. Nati ingepakwa grisi ya mjini, mbwa gani angeilamba? Ingekuwa majanini mpaka leo. Na bolti ilishikwa na nini? Na uzi wangu. Nilikosea kuubana, sawa. Kosa langu ndilo lililosimama pale nati iliposhindwa kusimama. Pongezi ni wangu. Na sisemi kwa sababu jina langu linafutwa mwezi ujao. Hilo mnalijua, sitaliimba. Nasema kwa sababu ni haki yangu."

Hapo akanyanyuka Mzee Kastory, hakuitwa. "Mimi kwadi siijui. Lakini nati iliokotwa na nani? Ililindwa na nani? Watasema angeimeza, mngesema nini?"

"Mzee kaa chini," watu wakacheka.

"Nakaa. Lakini mbwa wangu hajalipwa hata mfupa."

Akabaki Lutengano. Watu wakamgeukia. Na nawaambia ukweli, wengi walikuwa wameshampa Pongezi mioyoni mwao. Mti hauna akili, samli haina akili. Aliyeona hakuna mbwa, akawaza, akafunga breki, akarudi, ni mtu. Mtu huyu.

Mama Odilia akauliza swali moja tu, na aliliuliza kwa kupita. "Dereva, hiyo nati ilijifunguaje? Si ilikuwa na pini?"

Veneranda akainua kichwa. Pini alizitengeneza yeye. Kama pini ilikatika, kazi yake ndiyo iliyokatika. Lutengano angeweza kusema, "Ilikatika." Neno moja. Spoku hukatika, hakuna ambaye angebisha. Pongezi angekuwa wake kabla jua halijazama, na Mama Tumsifu angerudi nyumbani akiamini mikono yake ndiyo iliyotaka kumuua mtu.

Lutengano akavua koti la kijani. Watu wakashtuka, wengine hawakuwahi kuona shati lake. Akageuza mfuko nje.

"Pini ilikuwa hapa," akasema. "Nilijichokonolea meno nayo. Sikuitia. Mama Tumsifu alinipa mbili, akaniambia nihesabu, nikahesabu, nikaitia moja. Ya pili niliitia nilipoikuta mfukoni kule juu ya mteremko. Haikukatika. Ni nzima mpaka leo, nendeni mkaitazame."

Kelele hizo! Agapito akaruka. "Basi ajitoe! Mtu anaanzisha moto, anauzima, halafu anadai zawadi ya kuzima? Ajitoe!"

"Sijitoi," Lutengano akasema. "Nimekosea, nimesema. Wewe uliambiwa uchemshe mti ukakataa, umesema? Umelifanya kosa lako kuwa sifa! Mimi langu nimeliita kosa. Niliyerudi nyuma ni mimi. Nadai."

Agapito akamgeukia Mama Odilia. "Mti ni mti," akasema.

Veneranda akamgeukia dereva. Watu wakadhani atalia, au atasema, "Mpeni." Akasema, "Lutengano, mwanangu, umenitua mzigo. Ungesema imekatika ningeamini, na nisingeshika spana tena. Asante."

"Asante nawe, mama."

"Lakini asante si ng'ombe. Ungekuwa umekufa kwa kosa lako, ningekuombea tu. Bado nadai."

Mama Odilia akashika kichwa. Akampa Agapito moyoni, akamnyang'anya. Akampa Veneranda, akamnyang'anya. Akampa Lutengano, akakumbuka kijiti cha meno, akamnyang'anya kwa nguvu zaidi. Na wakati bado anagawa na kunyang'anya, Pongezi akalia. Akalala chini. Akaanza kuzaa, palepale kwenye mkutano.

Miguu ya ndama ikatoka, ikakwama. Veneranda akaletewa samli, akajipaka mikononi, akaingiza, akakuta kichwa kimegeukia pembeni, akakinyoosha. Lutengano akaivuta miguu pole pole, akisimama kila Pongezi anapopumua. Agapito akang'oa ubao wa uzio, akautia chini ya mgongo wa Pongezi asibingirike mtaroni. Ndama akatoka. Jike. Mzima. Hata hapo, watatu! Na Watasema akafika wa kwanza kumlamba.

"Sasa wako wawili," Mama Odilia akasema.

"Na sisi watatu," Agapito akasema.

"Wanne," akasema Mzee Kastory.

Mimi nimewaeleza kama ilivyokuwa. Sikuficha kosa la mtu, hata la ninayempenda. Na msiniambie wagawane, huyu amchukue mama, yule amchukue mtoto, wa tatu ajaze maziwa kwenye chupa. Neno la kikundi ni neno: ni wa mmoja, hagawanywi. Mwenye busara za kugawa akagawe ng'ombe wake. Msiniambie pia, "Apewe mjane," kwa sababu mwenyewe alikataa kupewa kwa ujane. Alidai kwa kazi, mjibuni kwa kazi.

Yuko mtu ambaye ukaidi wake ulipunguza mwendo. Yuko mtu ambaye samli yake iliita mbwa, na uzi wake ukashika bolti. Yuko mtu aliyesahau pini, akarudi nyuma, na alipoulizwa, akageuza mfuko.

Pongezi amesimama sasa, ndama ananyonya, kamba bado iko kwenye nguzo. Wewe uliyecheka sana pale kwenye kijiti cha meno, anza wewe. Je, nani alistahili kuifungua kamba hiyo?